Ndoo ya Saba ya Verna Hinrichs

Ndoo saba kati ya nane zimeshika maji. Ile ya namba saba bado inavuja.

Marlys Tveit ameinama juu ya sinki kubwa la jiko la shule, mikono ya blauzi kaikunja hadi viwikoni. Anajaza maji, anasubiri, anachungulia chini ya ndoo. Tone moja. Tone jingine. Anajaza tena. Ndoo hizi ni za mbao, na mbao zilizokaa kavu tangu Agosti ya mwaka jana husinyaa zikaacha nyufa. Ukiziloweka siku nzima zinavimba, nyufa zinajifunga zenyewe. Usipoziloweka leo, kesho maji ya chumvi yatakumwagikia viatuni.

"Wewe una kiburi," Marlys anaiambia ndoo. "Kila mwaka ni wewe."

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo ni Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, na saa hii huwa tunaitumia kumkumbuka mtu mmoja aliyetutoka. Leo ni Verna Hinrichs. Verna Hinrichs, mpishi wa shule yetu ya Halling na Brandt kwa miaka thelathini na mmoja. Alifariki Jumapili, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Tulimzika jana.

Na kesho, Ijumaa, saa kumi jioni, kwenye nyasi za mbele ya shule, ni karamu ya aiskrimu ya kufungulia mwaka wa masomo. Ni ya thelathini na nane. Zile thelathini na saba zilizopita alizipanga Verna. Hii ya kesho nayo aliipanga yeye, ikabaki kidogo tu. Na ni hicho kidogo kilichomweka Marlys Tveit, sekretari wa shule, katika mashaka tangu Jumatatu. Hatukujua habari hii mpaka tulipokwenda jikoni, sisi wawili wa kituo hiki, kumwuliza kuhusu ndoo. Tulikwenda kuuliza jambo dogo, tukatoka na jambo jingine kabisa.

Tuanze mwanzo.

Verna alizaliwa shambani, upande wa Halling, mtoto wa tano kati ya sita. Akaolewa Brandt. Kati ya Halling na Brandt ni maili nne, na mto ambao wakati wa kiangazi unauvuka bila kulowesha magoti. Lakini siku zile kila mji ulikuwa na shule yake, timu yake ya mpira wa kikapu, na maoni yake kuhusu watu wa ng'ambo ya pili. Mume wake, Orlin, anakumbuka harusi yao vizuri.

"Kaka zake walikuja," Orlin alituambia. "Siwezi kusema hawakuja. Walikaa karibu na mlango, na kofia wamezishika mkononi."

Kisha watoto wakapungua vijijini, kama mnavyojua, na shule mbili zikafanywa moja. Ni miaka thelathini na tisa sasa. Watoto walizoeana kabla majani ya vuli hayajaisha kuanguka. Wazazi ndio walioshindwa.

Verna alikuwa jikoni, na jikoni mtu huona mengi. Alimjua mtoto aliyekuja bila kula asubuhi. Hakumwuliza kitu. Alimwita dirishani na kumpa bakuli. "Hebu nionjee hii," alikuwa akisema. "Naona kama haijaiva." Mtoto alionja bakuli zima. Kuna mwanamume mmoja hapa mjini, leo ana matrekta mawili, ambaye anasema alikuwa na miaka thelathini alipogundua kwamba chakula cha Verna hakikuwahi kutoiva.

Binti yake, Renae, alilisema hivi: "Mama hakuwa mtu wa maswali. Alikuwa akikupa kazi."

Karamu ya aiskrimu ilianza hivyo, kwa kazi. Verna aliomba ndoo za kuzungusha kwa mkono kutoka mashambani, nne za Halling na nne za Brandt. Jumla nane. Familia zikaleta keki. Walimu wakaja kuonyesha madarasa. Kila kitu kilikwenda sawa, ila watu wa Halling walikaa upande wa bendera, watu wa Brandt upande wa magari, na katikati pakabaki nyasi tupu za kutosha kulisha ndama. Mwaka wa pili, hivyo hivyo.

Mwaka wa tatu mvua ilinyesha.

Wasikilizaji wapendwa, wengi wenu mnaikumbuka siku hiyo, na tangu wakati huo mmekuwa mkijifanya hamuikumbuki. Mvua iliponyesha, ndoo zote nane ziliingizwa kwenye ukumbi wa michezo. Na sakafu ya ukumbi ilikuwa mpya. Ilikuwa kitu pekee ambacho miji miwili ilikuwa imekubaliana. Vanishi ilikuwa haijamaliza hata mwezi.

Sasa, ndoo ya aiskrimu ina tundu dogo ubavuni, karibu na juu. Ndani kuna mkebe wa chuma wenye maziwa, mayai na krimu. Kuuzunguka mkebe kuna barafu na chumvi ya mawe. Barafu ikiyeyuka, maji ya chumvi hutokea kwenye lile tundu kabla hayajafika kwenye kifuniko cha mkebe. Tundu halizibwi. Kila mtu hapa kwetu analijua hilo tangu utotoni.

Orlin Hinrichs alikata magunzi ya mahindi vipande vinane, akaziba matundu yote manane.

"Maji yalikuwa yanatiririkia kwenye mstari wa kurushia mipira ya adhabu," alituambia. Ana miaka themanini na minne sasa, na bado anajitetea. "Mlitaka nifanyeje? Sakafu ilikuwa mpya."

Maji ya chumvi yakapanda. Yakavuka kifuniko. Yakaingia kwenye aiskrimu, ndoo zote nane.

Bakuli mia mbili na kumi zilipakuliwa siku ile. Hakuna hata moja iliyorudi na kitu ndani. Watu wa Halling walikula. Watu wa Brandt walikula. Mchungaji aliomba aongezewe. Mwalimu mmoja alimwambia Verna kwamba mwaka huu aiskrimu ni tofauti. Na hapa kwetu mtu akikuambia chakula chako ni tofauti, afadhali angekutupia kiatu.

Verna alikuwa akipakua tu. Hakuonja hadi wakati wa kuosha vyombo, alipolamba mwiko. Orlin alikuwa amesimama hapo na kitambaa cha kukaushia.

"Orlin. Umekula hii?"

"Nimekula."

"Bakuli ngapi?"

"Mbili."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa na kazi nyingi."

Verna akaketi juu ya kreti ya maziwa. Orlin anasema hakulia wala hakucheka. Alikaa muda mrefu akiutazama ule mwiko.

"Watu mia mbili na kumi," akasema. "Wamekula chumvi, na hakuna aliyefungua mdomo."

"Ni adabu, mke wangu."

"Labda. Lakini kama wameweza kumeza hii, wamemeza na nini kingine?"

Orlin anasema alidhani ni maneno ya uchovu tu. Alizibua magunzi, wakaenda nyumbani.

Kuanzia mwaka wa nne, Verna akabadilisha kitu kimoja. Zamani aliyetaka kuzungusha ndoo alizungusha. Sasa kila ndoo ikapewa watu wawili, kwa majina, watu wazima. Mmoja anazungusha mpini. Wa pili anakaa juu ya ndoo, kwenye gunia lililokunjwa, ili isitembee aiskrimu inapoanza kuwa ngumu. Kisha wanabadilishana. Orodha ilibandikwa kwenye mlango wa shule. Watu walinung'unika kidogo, wakazoea. Wengi walidhani majina yanatolewa kofiani.

Marlys Tveit pia alidhani hivyo. Ameipiga chapa orodha hiyo mara ishirini na moja. Kila Agosti simu ililia ofisini, Verna akasoma majina, yeye akaandika. Hakuwahi kuona Verna anasoma kutoka wapi.

Jumatatu, siku moja baada ya kifo, Orlin aliingia ofisini na kisanduku cha bati, cha aina ile ya kuwekea kadi za mapishi.

"Alisema hiki ni chako," Orlin akamwambia. "Za mwaka huu ziko mbele. Aliziandika Julai, kabla mkono haujaanza kutetemeka."

Marlys alifungua akitafuta kipimo cha vanila. Akakuta kadi, tangu mwaka wa nne hadi huu. Miaka thelathini na mitano, kadi nane kila mwaka. Mbele ya kila kadi kuna namba ya ndoo na majina mawili. Aligeuza moja atazame kama kipimo kiko nyuma. Nyuma palikuwa na maneno matatu tu: "mtaro wa maji." Akageuza nyingine. "Mbwa." Nyingine: "kiti cha kanisani." Nyingine: "yale aliyosema kwenye mnada."

Akasoma majina upya, taratibu, moja moja. Hapo akaona. Verna hakuwahi kuokota majina kofiani. Kwa miaka thelathini na mitano alikuwa akiwaweka kwenye ndoo moja watu wawili wenye jambo wasilolisema.

Marlys hakutusomea majina hayo, nasi hatukumwuliza. Wenyewe mnajijua. Ila mmoja ameturuhusu. Dwight Sorum, mkulima wa upande wa Brandt, ndiye wa ule mtaro wa maji. Tulimpigia simu.

"Kumbe ilikuwa makusudi," Dwight akasema. "Yule mama."

Tukamwuliza kama ilisaidia.

"Mtaro? Hapana. Hatukupatana mpaka mwenzangu anazikwa. Lakini sikiliza. Ile kitu ikianza kuganda, huwezi kuizungusha kimya kimya. Mkono unawaka. Lazima umwambie mwenzako, nipokee. Nilimwambia mara mbili. Naye akaniambia mara mbili. Miaka tisa tulikuwa hatujaombana kitu."

"Na aiskrimu?"

"Ilikuwa nzuri sana."

Tunalitaja hili kwa sababu Verna hakuwa mganga. Baadhi ya kadi zina majina yale yale miaka mitano mfululizo, na neno lile lile nyuma. Wengine walizungusha, wakala, wakaenda zao. Wengine, Marlys anasema, baada ya mwaka mmoja majina yao hayakuandikwa pamoja tena. Nyuma ya kadi zao Verna alichora mstari mmoja juu ya neno, kama mtu anayefuta kwenye orodha kitu kilichokwisha kununuliwa dukani.

Sasa turudi kwenye kadi za mwaka huu. Ziko nane. Ya saba ina majina haya: Marlys na Lavonne.

Lavonne ni dada yake Marlys, mkubwa wake kwa miaka mitatu. Tunaruhusiwa kusema haya. Marlys alituambia, "Semeni tu, kesho mji mzima utatuona." Tukampigia Lavonne pia. Naye akasema, "Sawa, lakini mseme kwamba theluji ilikuwa nyingi kweli."

Theluji ilikuwa nyingi kweli. Ni Februari, miaka sita iliyopita. Mama yao alikuwa mgonjwa nyumbani kwa Lavonne. Alifariki jioni, saa kumi na moja. Marlys alikuwa nyumbani kwake, maili kumi na tano kutoka hapo, akikunja nguo. Simu haikulia jioni ile. Ililia asubuhi. Lavonne alikuwa amesubiri, kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa, na alijua kwamba mdogo wake angeingia kwenye gari hata hivyo.

Marlys alijibu, "Sawa. Ulifanya vizuri." Tangu siku hiyo hawajagombana hata mara moja. Wanasalimiana kanisani. Wanapeana keki siku za kuzaliwa. Wanazungumza juu ya hali ya hewa, na wanazungumza vizuri sana. Miaka sita ya hali ya hewa.

Nyuma ya kadi ya saba kuna neno moja: "simu."

Marlys hakuwahi kumwambia mtu. Alimwuliza Orlin jinsi Verna alivyojua. Orlin akakuna kidevu. "Alikuwa anaosha vyombo kwenye kila msiba wa mji huu," akasema. "Watu wakisimama kwenye sinki husema mambo. Au hawayasemi, naye akasikia." Zaidi ya hapo hakujua. Nasi hatujui.

Sasa fikirini, wasikilizaji wapendwa, Marlys ana mashine ya kuchapa na yeye ndiye mwenye orodha. Aliiweka kadi ya saba kwenye mfuko wa aproni, akaandika orodha mbili. Moja kama Verna alivyopanga. Ya pili, Marlys na Dwight Sorum, na Lavonne na mama wa maktaba. Nani angejua? Kadi iko mfukoni, na aliyeiandika hayupo. Orodha mbili zilikaa mezani Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Jumanne mwalimu mkuu alisimama mlangoni. Bwana Pruett ni mgeni kwetu, huu ni mwaka wake wa pili, na ni mtu mwema.

"Marlys, mko kwenye msiba. Tununue aiskrimu dukani mwaka huu. Za maboksi. Watu wataelewa."

"Wataelewa," Marlys akasema.

"Basi tatizo nini?"

"Hapa watu wanaelewa kila kitu, Bwana Pruett. Ndilo tatizo lenyewe."

Bwana Pruett alitazama zile orodha mbili, akamtazama yeye, akasema atakwenda kutafuta barafu.

Jana, baada ya mazishi, tulikula kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa kama kawaida. Marlys alikuwa ameleta kachumbari ya viazi. Lavonne alisimama pembeni yake na sahani iliyojaa.

"Wanasema mvua inaweza kuja Ijumaa," Lavonne akasema.

"Inaweza. Upepo umegeuka."

"Viazi vyako mwaka huu ni tofauti kidogo."

"Tofauti vipi?"

"Tofauti tu. Vizuri." Akamaliza sahani yote.

Marlys alirudi nyumbani na bakuli lenye mabaki. Akachukua kijiko. Viazi havikuwa na chumvi. Havikuwa na siki. Kwa haraka ya msiba alikuwa amesahau vyote viwili, na dada yake alikuwa amesimama pale na kula sahani nzima mbele yake, akitabasamu.

Marlys alituambia alicheka peke yake jikoni, halafu kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, na ilibidi akae chini.

Leo saa tisa alasiri, maziwa yakiwa yamepoa kwenye friji na ndoo nane zikiwa sinkini na sakafuni, alipiga simu. Tulikuwa pale. Hakutufukuza.

"Lavonne, ni mimi."

Hatukumsikia Lavonne. Marlys ndiye aliyetusimulia upande wa pili baadaye. Lavonne alisema mvua imesogea, itapita kusini.

"Vizuri. Sikiliza, orodha ya ndoo. Uko ya saba."

"Na nani?"

"Na mimi."

Marlys alikuwa akiuzungusha waya wa simu kwenye kidole.

"Verna alipanga hivyo?" Lavonne akauliza.

"Verna alipanga hivyo. Nyuma ya kadi kaandika neno moja. Nitakuonyesha kesho, sio kwenye simu."

Waya ukazunguka kidole mara ya pili.

"Nani anazungusha?" Lavonne akasema.

"Mimi naanza. Wewe unakaa juu."

"Wewe? Na bega hilo? Humalizi dakika kumi."

"Basi utanipokea."

"Nitakupokea," Lavonne akasema. Halafu, kabla ya kukata: "Marlys, vile viazi jana vilikuwa vibaya sana."

"Najua. Nimevionja."

Orodha moja imebandikwa kwenye mlango wa shule. Tumeiona. Ile nyingine Marlys aliitandika chini ya ndoo inayovuja.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo chetu tunampa pole Orlin Hinrichs, aliyeishi na Verna miaka hamsini na tisa. Tunampa pole Renae na watoto wake. Tunawapa pole wote waliowahi kuitwa dirishani kuonja kitu ambacho eti hakijaiva. Mwili wa Verna umelala upande wa Halling alikozaliwa. Jiwe lake, Orlin anasema, litaelekezwa Brandt.

Kesho saa kumi jioni mje na keki, na bakuli zenu. Majina yako mlangoni. Ukikuta jina lako karibu na jina ambalo hukulitarajia, usimwulize Marlys. Lakini leo, kabla ya kulala, kaa kidogo na swali ambalo Verna aliliuliza akiwa ameketi juu ya kreti ya maziwa. Umemeza nini, kwa adabu tu? Na ni nani aliyekaa mbele yako akakuona unameza? Hatutaki majibu redioni. Tunauliza tu, kama yeye alivyouliza.

Tulipoondoka jikoni, Marlys alikuwa ameijaza tena ndoo ya saba hadi ukingoni. Tukasubiri naye, sote watatu, tukichungulia chini. Tone moja. Baada ya muda mrefu kuliko mwanzo, tone jingine.

"Bado," akasema, akifuta mikono. "Lakini inaanza kuvimba. Tuiache ilale na maji. Nitaitazama asubuhi."

Akazima taa ya jiko, akaiacha pale ilipo.